Siku Mama alipotusomea njia



Tangu turudi kutoka safari, kila siku ya mkutano kuna mtu anayetuvuta pembeni na kutuuliza: "Mwalimu, kule stesheni mlipita namna gani?" Wanaouliza wana sababu. Wana watoto Ulaya, na siku moja mwaliko utafika: mtoto amezaa, mtoto anaoa, ao mtoto ni mgonjwa. Ndege yenyewe haisumbui sana, maana uwanjani unafuata wenzako mliosafiri nao. Taabu inaanza pale unapotoka uwanjani na kukumbuka kwamba bado kuna treni mbele yako, katika mji usioujua, na treni hiyo haingoji mtu.

Basi leo tutawaeleza yote, pamoja na makosa yetu. Tunaomba msitucheke sana.

Wengi wenu mnamjua Mama yetu. Aliuza unga na ndakala sokoni kwa miaka mingi, akatulea sisi na ndugu zetu katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba, Mungu amlaze pema, kazi yake ilikuwa kuunganisha na kuachanisha mabehewa. Hapa Lubumbashi hilo si jambo la ajabu. Mji wetu ulianza kukua pale reli ilipofika kutoka kusini mwaka 1910, na hata leo familia nyingi zina mzee aliyekula mkate wa reli.

Mama hakusoma. Alikaa darasani miaka miwili kijijini, akatolewa ili alee wadogo zake. Miaka miwili iliyopita aliingia katika kalasi la kusoma na kuandika la chama chetu, lile la Jumanne na Alhamisi. Sasa anasoma polepole, neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya karatasi. Sisi tuna diploma ya ISP na tunafundisha Kifaransa. Kwa hiyo, mwezi wa kumi na moja, safari ilipopatikana, hakuna aliyejiuliza nani atamwongoza nani.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Yaya yetu, mtoto wa kwanza wa Mama, anaishi Paris miaka kumi na moja sasa. Madaktari walikuwa wamempangia kupasuliwa siku ya Ijumaa asubuhi. Alitutumia ujumbe mfupi tu: "Kama inawezekana, Mama afike Alhamisi, kabla hawajaniingiza." Lazima tuwaambie jambo lingine ambalo Mama ameturuhusu kulisema. Baba alipokufa, Yaya hakuja. Karatasi zake za kukaa kule zilikuwa bado hazijakamilika, na kama angetoka asingeweza kurudi. Mama alilijua hilo kwa kichwa, lakini moyo haukukubali. Kwa miaka minne walikuwa wanasalimiana kwa simu kwa maneno matatu, kisha simu inapewa mtu mwingine. Alhamisi ile ilikuwa na uzito huo.

Visa ilikuwa ya Ufaransa, lakini tikiti ya ndege tuliyoiweza ilitushusha Bruxelles, Ubelgiji. Visa hizo za Schengen zinaruhusu kuingilia nchi moja na kuendelea hadi nyingine. Kutoka Bruxelles hadi Paris ni kilometa karibu 300, kama vile kutoka hapa kwetu hadi Kolwezi, na treni ya mwendo wa kasi inazimaliza kwa saa moja na dakika 22. Mtoto wa Yaya alitununulia tikiti mbili, akatutumia kwenye simu. Tulizichapisha pia kwenye karatasi, na tunamshukuru Mungu tulifanya hivyo. Zilikuwa tikiti za bei ya chini, za aina isiyobadilishwa. Ukiikosa treni yako, umeipoteza tikiti, na kununua nyingine mbili siku ile ile ni pesa kupita mshahara wetu wa mwezi.

Juu ya tikiti iliandikwa: Bruxelles-Midi, Paris-Nord, 15:13. Mama aliitazama ile 15:13, akatoa sita, akasema, "Saa tisa na dakika kumi na tatu." Mtu aliyepiga hesabu za soko maisha yake yote hahitaji kufundishwa kutoa sita. Saa ya mkononi, ile ya Baba, tuliirudisha nyuma saa moja, maana mwezi ule Bruxelles iko nyuma yetu kwa saa moja.

Ndege ilitua kabla ya saa sita mchana. Foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu, na sanduku letu moja lilikuwa la mwisho kutoka. Mama alikuwa amefunga kitambaa cha kikwembe chekundu kwenye mshiko wa kila sanduku, basi angalau hatukuhangaika kutafuta lipi ni letu kati ya masanduku meusi mia moja. Stesheni ya pale iko chini ya uwanja wenyewe. Unashuka, unanunua tikiti, unaipitisha kwenye mashini, mlango unafunguka. Saa nane na dakika chache tulikuwa ndani ya treni ya kwenda mjini. Tulijisifu. Tulimwambia Mama, "Umeona? Mtu akijua kusoma hapotei."

Kosa la kwanza lilikuja robo saa baadaye.

Treni ile inapita stesheni tatu kubwa za Bruxelles kwa mfuatano: kwanza Nord, halafu Central, halafu Midi. Akili yetu ilikuwa imeshika neno "Nord", kwa kuwa lilikuwa juu ya tikiti. Tulipoona ubao mkubwa wa "Bruxelles-Nord" dirishani, tuliruka. "Mama, tumefika!" Tukateremsha masanduku, tukashuka ngazi, tukaingia ukumbini kutafuta treni ya Paris. Hakuna. Tulizunguka tukiusoma ubao mmoja baada ya mwingine, jasho likitutoka katika baridi ile. Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku, anatutazama tu. Mwishoni alisema, "Mwanangu, karatasi ina majina mawili. Lipi ni la kutokea, na lipi ni la kufikia?"

Wapenzi, tunafundisha watoto kila siku: soma swali lote kabla ya kujibu. Nord ya kwenye tikiti ilikuwa ya Paris, si ya Bruxelles. Kila mji kati ya hiyo miwili una stesheni yake ya "kaskazini". Sisi tulitakiwa kupandia Midi, na tayari tulikuwa tumepoteza robo saa.

Dada mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alituonyesha jukwaa la kurudi kupandia. Akatuambia tusihofu, treni za kuelekea Midi zinafuatana karibu bila nafasi kati yake. Ni kweli. Tangu mwaka 1952 kuna njia ya reli inayopita chini ya mji na kuunganisha Nord na Midi. Saa tisa kasoro dakika kumi na nane tulikuwa Midi. Tulibakiwa na nusu saa.

Sasa tuwape picha ya mahali penyewe. Ondoeni katika mawazo stesheni yetu ya hapa, ambapo unaingia na unaona njia za reli mbele yako. Bruxelles-Midi ina njia 22, na zote ziko juu. Treni zinapita juu ya kichwa chako, nawe unatembea chini yake katika kumbi ndefu zenye maduka ya mikate, kahawa na maua. Hivyo ukiingia huoni treni hata moja. Unaona watu wanatembea haraka, kila mmoja na upande wake, na ngazi nyingi zinazopanda, kila ngazi na namba yake. Hakuna anayekusukuma kwa ubaya, lakini ukisimama katikati unakuwa kama jiwe katika mto.

Jambo la pili: kila kitu kimeandikwa kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, kwa kuwa ndizo lugha za mji ule. Stesheni yenyewe ina majina mawili, Bruxelles-Midi na Brussel-Zuid, na hayafanani hata kidogo. Njia ya treni inaitwa "voie" na "spoor". Mji wa Lille unaitwa Rijsel, Mons unaitwa Bergen, Liège unaitwa Luik. Hata Paris, Waholanzi wanaiita Parijs. Sauti inatangaza kwa lugha moja, halafu kwa nyingine, na ukiwa na haraka unasikia kama miji minane pale ilipo minne.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Treni yetu inaitwa Eurostar. Tukaona mshale mkubwa umeandikwa Eurostar. Tukaufuata kwa mbio hadi penye foleni, vizuizi na maafisa. Tukajipanga. Foleni ilisogea polepole. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Zamu yetu ilipofika tuliombwa pasipoti. Pasipoti alikuwa nazo Mama, ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa alioufunga kiunoni chini ya kikwembe, chini ya koti, chini ya sweta mbili. Alianza kujifungua mbele za watu, mzee wa watu, huku sisi tukimkinga kwa shali. Afisa alitazama tikiti, akatikisa kichwa. "Hapa ni London, madame. Paris ni upande mwingine."

Tulielewa baadaye. Treni za kwenda London na treni za kwenda Paris zina jina moja tangu mwaka 2023. Zamani za Paris ziliitwa Thalys. Lakini za London zina mahali pake pa pekee, kwa kuwa Uingereza haiko katika Schengen na abiria wanakaguliwa pasipoti kabla ya kupanda. Za Paris zinapandiwa kwenye jukwaa la kawaida, bila foleni ile.

Saa ya Baba ilionyesha saa tisa kasoro dakika nne.

Hapo tuliishiwa. Tunawaambia ukweli. Tulisimama katikati ya ukumbi, masanduku miguuni, na machozi yakatujia. Tulimwona Yaya kitandani anatazama mlango. Tulifikiri namna tutakavyompigia simu kumwambia kwamba mama yake alivuka Afrika na bahari, akashindwa kuvuka ukumbi, kwa kuwa mwalimu aliyemwongoza hakujua kusoma mishale. Na tulikuwa bado hatutaki kumwuliza mtu yeyote. Kuuliza ilikuwa kukiri mbele ya Mama kwamba hatujui.

Mama alitunyang'anya karatasi.

"Wewe unasoma majina," alisema. "Majina hapa yanabadilika kila dakika. Marehemu baba yako alikuwa anasema, treni ina jina kwa ajili ya abiria, lakini watu wa reli wanaijua kwa namba. Namba yake iko wapi?"

Ilikuwa pale, kwa maandishi madogo karibu na saa: tarakimu nne. Tulikuwa hatujaitazama hata mara moja. Mama aliweka kidole juu yake, akainua macho kwenye ubao mkubwa wa kuondoka. Hakusoma mji hata mmoja. Alishuka na ile safu ya saa, kama anavyoshuka na daftari lake la madeni: 14:58, 15:03, 15:07. Akafika 15:13. Mistari miwili ilikuwa na saa hiyo. Akalinganisha namba. "Huu, si ule." Akafuata mstari hadi mwisho wake, penye namba ya njia. "Nne."

Maneno yalikuwa ya Kifaransa na ya Kiholanzi. Namba hazikuwa na lugha.

Halafu alifanya jambo la pili. Alimwendea mtu mmoja aliyevaa kofia na nguo za kazi za reli, akamwonyesha karatasi na vidole vinne. Alimsemesha kwa Kiswahili, bila haya yoyote, kana kwamba yuko kwenye soko letu: "Baba, jambo. Hii treni, njia ya nne, ni kweli?" Yule bwana hakuelewa neno, lakini alielewa karatasi. Akaitikia kwa kichwa, akatuonyesha lifti kwa mkono kwa sababu ya masanduku na magoti ya Mama. "Stesheni," Mama alituambia tukiwa ndani ya lifti, "usiulize mwenye haraka. Uliza mwenye kofia."

Juu jukwaani treni ilikuwa imeshasimama, nyekundu na ndefu hata mwisho wake hauonekani. Saa ya Baba ilionyesha saa tisa na dakika tano. Tikiti ilisema behewa la 17. Tukaona mlango ulio karibu, wa behewa la 4, tukataka kupanda. Tulijua kwamba treni hizi zinafunga milango dakika mbili kabla ya saa ya kuondoka, na tulisema moyoni tutatembea ndani kwa ndani hadi viti vyetu. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu. Mama alitushika kwa nyuma.

"Ngoja. Tazama kule mbele."

Mbele, katikati ya treni, kulikuwa na vichwa viwili vilivyogusana pua kwa pua. Hiyo haikuwa treni moja. Zilikuwa treni mbili zimeunganishwa. "Pale hakuna njia ya kupita," alisema mke wa mtu aliyeunganisha mabehewa. "Ukipanda hii ya nyuma, utabaki katika hii ya nyuma." Ni kweli tupu: treni za namna hiyo zikiunganishwa mbili, abiria hawezi kuvuka kutoka moja hadi nyingine zikitembea. Viti vyetu vilikuwa katika ile ya mbele.

Tulikimbia. Mama yetu, mwenye magoti yale, alikimbia. Kijana mmoja alituona, akanyakua sanduku kubwa bila kuuliza, akakimbia nasi hadi behewa la 17, akalisukuma ndani, akarudi alikotoka. Hatukumwambia hata asante inayosikika. Kwa hiyo tunamwambia leo hapa, ingawa hatasoma. Mlango ulifungwa nyuma yetu. Tulikaa tukihema, na treni ikaondoka bila kelele, kama mtu anayetoka chumbani asiamshe mtoto.

Kwa muda Mama hakusema kitu. Nje mji uliisha, mashamba yakaanza, na miti ya karibu ikawa inapita upesi hata huwezi kuihesabu. Treni hiyo inafika kilometa 300 kwa saa. Kikombe cha chai mezani hakikutikisika. Mwishoni aliuliza, "Mbona haisemi?" Tulielewa anachouliza. Treni yetu inasema. Gurudumu linagonga penye viungo vya reli, tak-tak, tak-tak, usiku kucha, na watoto wa reli tulilala kwa sauti hiyo. Kule vyuma vya reli vimechomelewa kuwa kitu kimoja kirefu, hakuna viungo vya kugonga. Tulimweleza hivyo, na tulifurahi kwamba kulikuwa bado na jambo moja la kumfundisha. "Baba yenu asingeweza kulala humu," alisema.

Halafu akaanza kusema juu ya Baba na Yaya, mwenyewe, bila kuulizwa. Kwamba Baba, siku zake za mwisho, alimwambia: "Mtoto asipokuja, usimhesabie. Yuko upande mwingine wa njia na hawezi kuvuka." Na kwamba yeye hakuwahi kumfikishia Yaya maneno hayo. Alikuwa ameyaweka. Kwa nini, hakujua kutueleza. "Nilikuwa na hasira," alisema, "na hasira ikishapata kiti haitoki upesi." Hatukujibu. Dakika ile simu ilitetemeka: ujumbe wa kutukaribisha Ufaransa. Tulikuwa tumevuka mpaka bila kuuona, bila afisa, bila kusimama.

Paris-Nord, Gare du Nord, ni stesheni kubwa kuliko ile ya Midi, na watu wake ni wengi zaidi. Lakini haikutushinda, kwa sababu moja tu: mtoto wa Yaya alikuwa ametuambia tusitafute mlango wala duka lolote. "Mkishuka, tembeeni na treni hadi inapoishia, halafu simameni." Njia za treni zinaishia pale, basi jukwaa lote linamwagika mahali pamoja. Tulifika mwisho, tukasimama, akatuona kwa vitambaa vyetu vyekundu.

Hospitalini tulifika wageni wakiwa bado na saa mbili za kukaa. Hatutaandika mengi ya chumba kile. Yaya alikuwa amekonda. Mama alisimama mlangoni kidogo, kisha akaenda, akakaa kitandani bila kuvua koti, akamshika miguu kama mtu anavyoshika miguu ya mtoto aliyeoga. Tulisikia akianza: "Baba yako aliniachia maneno yako, mimi nikayafungia..." Tukatoka na mtoto wa Yaya, tukakaa kwenye kiti cha ukumbini. Ijumaa asubuhi walimwingiza. Leo Yaya anatembea, anapika, anatulalamikia kwenye simu kwamba tunapiga mara nyingi mno. Mama anapiga kila Jumapili na simu hampi mtu mwingine.

Kwa wale watakaosafiri, haya ndiyo tuliyojifunza, na mengi ni ya Mama.

Chapeni tikiti kwenye karatasi, maana simu inazimika. Someni majina mawili, la kutokea na la kufikia, mpaka mjue lipi ni lipi. Kisha zungushieni duara namba tano: saa ya kuondoka, namba ya treni, namba ya njia mtakayoiona ubaoni siku ile, namba ya behewa, namba ya kiti. Namba ya njia haiko juu ya tikiti. Inatokea ubaoni siku yenyewe, na inaweza kubadilika, kwa hiyo tazameni tena kabla ya kupanda. Fikeni mapema, saa nzima kama mnaweza, kwa kuwa milango inafungwa kabla ya dakika ya kuondoka. Kwenye jukwaa tafuteni kwanza behewa lenu, ndipo mpande. Pasipoti ikae mahali salama, lakini pasiwe mahali pa kuwavua nguo. Fungeni kitambaa kinachoonekana kwenye kila sanduku. Patana na anayewapokea mahali pamoja penye kueleweka. Na mkipotea, ulizeni. Anayeuliza hupoteza dakika moja. Sisi kwa kutokuuliza tulipoteza karibu treni nzima.

Tangu turudi tumeomba kusaidia katika kalasi la Jumanne. Tulileta tikiti zetu zile mbili na picha ya ubao wa stesheni tuliyoipiga wakati wa kurudi. Wiki iliyopita wanafunzi walitafuta treni kwa namba, mmoja mmoja, mbele ya darasa. Mama alikuwa wa tatu. Alipata, akageuka kwetu, akasema mbele ya wote: "Sasa mwalimu naye aje ajaribu."

Wenye tikiti za zamani, za basi, za ndege, za treni ya kwetu, mtuletee Jumanne. Zitatusaidia sana.